Mto na Mto: Fahirisi ya Kipekee na Ghala la Maneno ya Tana

Neno mto lina maana mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili huzijua kabla hajafika chuoni: maji yatiririkayo kuelekea baharini, na kitu cha kulazia kichwa. Yote mawili ni nomino, yote yamo katika ngeli ya U-I, na wingi wa yote ni mito. Basi na achukuliwe mkusanyaji wa msamiati aliyeketi Garsen na tarakilishi yake. Asubuhi anaingiza mto wa kulalia, jioni anaingiza mto wa maji. Ikiwa hifadhidata yake imeundwa kwa kanuni ya “neno moja, rekodi moja”, itaukataa huo wa pili kwa madai kwamba neno hilo limekwishaingizwa. Mto Tana, ambao bila huo Garsen isingekuwa na mpunga wala maembe, utakuwa umezuiwa mlangoni na mto wa sufi.

Huenda jambo hili likaonekana kama kichekesho, lakini linagusa kazi ambayo vyuo vyetu vinazidi kuwatuma wanafunzi kuifanya. Kipokomo, ambacho pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kingazija na ndugu zake, na Kielwana cha Wamalakote, ni lugha ya kundi la Sabaki, kinahitaji ghala la maneno lililo kamili. Wanaoliunda ghala hilo hubishana sana kuhusu kasi: je, fahirisi huchelewesha uingizaji? Makala haya yanashikilia kwamba hofu hiyo ya kasi imeazimwa kutoka nyumba nyingine, na kwamba suala linalostahili kuwakosesha usingizi wanaleksikografia ni lile la upekee.

Hata hivyo, haki ya hoja ya kasi itolewe kwanza. Fahirisi ya hifadhidata hufanya kazi ya fahirisi iliyo mwishoni mwa kitabu: badala ya kupekua kurasa zote, msomaji huenda moja kwa moja panapohusika. Aina iliyoenea zaidi ni ule mti wa matawi ulioelezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala yao ya mwaka 1972. Rekodi 1,000,000 zisizo na fahirisi huenda zikalazimu kusomwa zote ili kupata moja. Zikiwa zimepangwa, na kila hatua ikigawanya zilizosalia nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha. Malipo ya wepesi huo hutolewa wakati wa kuingiza. Kila rekodi mpya hulazimu kila fahirisi ifunguliwe na kuandikwa upya mahali panapofaa, na fahirisi ya kipekee huongeza sharti lake: kabla ya kupokea, iulize kwanza kama mwenzake hayumo. Tena maneno hayaji kwa mpangilio wa alfabeti. Mzee atataja zana za uvuvi, kisha wadudu, kisha majina ya ndizi, na tarakilishi itarukaruka kutoka tawi hadi tawi, tofauti na namba za mfululizo ambazo huongezwa mwishoni bila usumbufu.

Haya yote ni kweli, nayo yana uzito mkubwa kwa benki. Mfumo wa M-Pesa, ulioanzishwa mwaka 2007, hauwezi kuruhusu miamala miwili iwe na utambulisho mmoja, na wateja hawangoji. Lakini kamusi yenye vidahizo 20,000 ni kitu kidogo mno machoni pa tarakilishi ya leo. Kwa kugawanya nusu kwa nusu, hatua 15 zinatosha kukifikia kidahizo chochote. Muda anaotumia mkusanyaji kumsikiliza msemaji akilitamka neno mara ya pili unazidi kwa mbali ucheleweshaji wote wa fahirisi kwa siku nzima. Anayefuta fahirisi zake ili aingize haraka, kwa nia ya kuzirudisha baadaye, atagundua kwamba zile za kipekee hazikubali kurudi, kwa kuwa marudio yamekwishaingia katika ule muda wa mlango wazi.

Upekee basi uwekwe juu ya nini? Wengi hujibu upesi: juu ya neno pamoja na aina yake. Jibu hilo linaokoa paa, mnyama, lisigongane na paa, kitenzi cha kwenda juu. Halimwokoi huyo mnyama na paa la nyumba, kwani yote ni nomino. Tena haliokoi mito yetu miwili, hata ngeli na wingi vikiongezwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na jawabu bila mashine yoyote: vidahizo vyenye umbo moja hutofautishwa kwa namba ndogo. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Neno lenyewe lastahili fahirisi ya kawaida, inayoruhusu wengi wakae chini ya jina moja.

Upande wa pili wa tatizo hauonekani kwa macho, na ndio unaoudhi zaidi. Neno ng'ombe huandikwa kwa ritifaa. Kuna ritifaa iliyonyooka ya kibao cha herufi, na kuna iliyopinda ambayo programu ya kuandikia huibadilisha yenyewe. Kwa msomaji ni alama moja; kwa tarakilishi ni herufi mbili mbalimbali. Fahirisi ya kipekee itawapokea ng'ombe wote wawili bila kunung'unika, kisha atakayemtafuta mmoja hatampata wa pili. Nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa neno huweza kuleta balaa lilo hilo. Kanuni ileile iliyomkataa mgeni halali inampokea mwizi aliyebadili kofia tu! Tiba yake ni kusawazisha maandishi kabla hayajafika kwenye fahirisi, kazi ya mistari michache ya programu ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa.

Tana inaongeza ugumu wake. Wapokomo wenyewe huuita mto huo Tsana, na anayetafuta kwa T na A hataifikia TS. Matamshi na msamiati wa Wabuu na Wangatana wa chini huachana na ya Wazubaki na Wandura wa juu. Kuteua umbo moja na kuyatupa mengine kwa ajili ya upekee ni kuua lahaja kwa jina la unadhifu. Kila umbo lipewe safu yake na mahali liliposikika, kisha yote yaelekezwe kwa namba moja ya kidahizo. Fahirisi zitaongezeka, na uingizaji utapungua kasi kidogo, na upungue. Mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz alipochapisha msamiati wa Kipokomo mwishoni mwa karne ya 19, karatasi ilimruhusu mpangilio mmoja tu wa kuutafutia. Leo kikwazo hicho hakipo.

Linalobaki ni zile rekodi zinazokataliwa. Programu nyingi za kuingiza kwa mkupuo zinaweza kuamriwa ziruke marudio kimya kimya, na mkusanyaji mchovu hushukuru. Zisirukwe. Ziandikwe kando, katika jedwali lao, pamoja na jina la kijiji na saa, zisomwe mbele ya msemaji angali yupo. Baada ya mauaji ya 2012 katika Delta ya Tana na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024, familia nyingi zilihama kwao, na hakuna ajuaye kama mzee aliyeulizwa leo atapatikana mahali pale pale msimu ujao. Swali la kumwuliza ni jepesi, nalo lafaa kuulizwa kabla ya basi la Malindi kuondoka Garsen: mto huu ni ule wa asubuhi, au ni mwingine?