Mkristo Akihudumiwa Vibaya Hotelini, Aseme

Jumapili saa saba mchana, ibada zinapomalizika, hoteli za Thika na Ruiru hujaa familia nzima nzima, akina mama wakiwa bado na vitambaa vya Woman's Guild, chama chao cha kanisani, kichwani. Hapo ndipo majaribu huanzia. Mbuzi choma aliyeagizwa anafika saa tisa akiwa amepoa, na bili ina soda mbili ambazo hakuna aliyezinywa. Wazee wanatazamana, kisha mmoja anasema, "Tuache tu, sisi ni watu wa Mungu." Wanalipa, wanapanda matatu, na kutoka Thika hadi Juja mazungumzo ni ya hoteli ile na ubaya wake.

Ndugu hao wamekosa mara mbili: wamenyamaza mahali pa kusema, wakasema mahali pa kunyamaza.

Hoja yao naijua. Watanikumbusha kwamba Paulo aliwaonya Wafilipi watende yote bila manung'uniko, na kwamba Waisraeli waliadhibiwa jangwani kwa sababu ya kulilia chakula. Lakini someni Hesabu sura ya 11. Watu wale walikuwa wakishushiwa mana bure, na bado wakawalilia samaki na matango ya Misri. Dhambi yao ilikuwa utovu wa shukrani. Aliyelipia nyama ya moto akaletewa ya baridi hajamkosea Mungu shukrani kwa kuuliza kulikoni.

Tena kanisa lenyewe liliwahi kupokea malalamiko kuhusu huduma ya mezani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawanywa kila siku huko Yerusalemu. Watu wao wakalalamika. Mitume hawakuwaambia wavumilie kwa kuwa wameokoka. Waliita mkutano, wakachaguliwa wanaume saba, Stefano akiwemo, wasimamie kazi hiyo. Na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, dalili kwamba huenda waliolalamika ndio waliokabidhiwa usimamizi. Wengi huona hapo chanzo cha ushemasi. Kama watu wale wangenung'unikia vichochoroni, wajane wangeendelea kulala njaa.

Kunyamaza hudhuru hata leo, kwani mficha uchi hazai. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, Ruiru imejaa nyumba za kupanga na hoteli za kila namna. Mteja aliyeudhika ana pengine pa kwenda, na huenda bila kuaga. Mama aliyefungua hoteli kwa mkopo wa chama anaona viti vikibaki vitupu, asijue kwamba mpishi wake anatoa supu ya jana. Je, kumwacha hivyo ndio upendo? Na yule mgeni wa kesho atakayeinywa supu hiyo, si jirani yako? Hata nchi imekupa haki ya kusema: kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa.

Hata hivyo, haki hiyo si rungu la kumpigia weita. Katika hoteli nyingi yeye ni kibarua wa kulipwa kwa siku. Sahani ikivunjika au mteja akitoroka bila kulipa bili, mara nyingi ndiye anayekatwa. Si yeye aliyechoma nyama, wala si yeye aliyeamua kwamba watu wawili wahudumie meza ishirini. Pia tuwe wakweli: kilo ya mbuzi haiivi kwa dakika kumi, hata mwagizaji akiwa mzee wa kanisa.

Kwa hiyo mwambie weita kwanza, kwa sauti ya kawaida. Asipoweza kurekebisha, omba kumwona meneja, umweleze kosa lenyewe bila kumvunjia mtu heshima. Sema mapema. Anayesubiri mpaka imebaki mifupa kwenye sahani ndipo adai pesa zake amekula cha mtu bure. Usiitishe mtu afutwe kazi kwa sababu ya chai iliyopoa. Na lile neno "Unanijua mimi ni nani?" halifai kinywani mwa mtu aliyetoka kushiriki Meza ya Bwana.

Ukihudumiwa vizuri pia, sema. Mwite meneja umsifu weita mbele yake, na umwachie kijana wa watu kitu mkononi. Yakobo aliwakemea wanaomwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chochote. "Ubarikiwe" peke yake haimlipii nauli ya kurudi nyumbani usiku.

Nanyi wenye hoteli mliobandika mistari ya Biblia juu ya kaunta, mteja akija na neno, msikilizeni kama mitume walivyowasikiliza wale waliowatetea wajane. Kabla ya kumfokea weita, ingieni jikoni mkague. Mkikuta kosa ni lenu, ombeni radhi, rudisheni pesa au leteni chakula kingine, na msimkate kijana mshahara kwa kosa lisilo lake. Ndivyo mtakavyouhubiri mstari ule ulioko ukutani.