Mji Mzima Ulijua

Wenzangu wa Ludara na Lobule, kuna riwaya fupi ya Claire Keegan ya 2021, Small Things Like These. Ni Krismasi ya 1985, mji wa New Ross, Ireland. Muuza makaa anapeleka mzigo kwa masista, anakuta msichana amefungiwa stoo ya makaa.

Mtu ataniambia: hiyo ni mambo ya Wazungu, tena ni hadithi tu. Sawa. Lakini nyumba zile zilikuwepo kweli. Wasichana walifua nguo za watu bila mshahara, ya mwisho ikafungwa 1996, serikali ikaomba radhi 2013. Na si masista peke yao! Wazazi waliwapeleka, polisi waliwarudisha waliotoroka, na mahoteli yalituma mashuka yafuliwe.

Sasa sisi. Msichana wa hapa akipata mimba tunamfungia wapi? Ukuta hatuna. Tuna jiko la shangazi kijiji cha pili. Mwongozo wa Wizara ya Elimu ya Uganda wa 2020 unasema atoke mimba ikiwa ya miezi mitatu, arudi mtoto akifika miezi sita. Kutoka kunatekelezwa haraka sana. Dada yangu alipotaka kurudi, mwalimu mmoja akasema ataharibu wenzake. Kijana aliyempa mimba alikuwa humo humo darasani, hakuulizwa kitu.

Nanyi wa mashirika, jamani, kila semina tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapewa soda. Karatasi ya waliorudi darasani iko wapi? Mje nayo mkutano ujao.