TAREHE NANE MEI

Wako watu wasemao kwamba siku nyingine zina nuksi na nyingine zina baraka. Sisi hatuamini hivyo. Lakini na tuitazame tarehe 8 Mei katika dola ya Ufaransa, tuone inatufunza nini.

Tarehe 8 Mei, 1902, mlima wa moto uitwao Pelée ulilipuka katika kisiwa cha Martinique, ukauangamiza mji wa Saint-Pierre. Kwa dakika chache walikufa watu wapatao 28,000, gavana mwenyewe akiwamo. Miongoni mwa wachache mno waliosalimika alikuwamo Cyparis, mfungwa aliyetiwa peke yake katika chumba cha mawe chenye kuta nene. Jela iliyowekwa kumwadhibu ndiyo iliyomwokoa. Cheo cha gavana hakikumfaa kitu.

Tarehe 8 Mei, 1945, vita vya Ulaya vilikwisha, na Paris ikashangilia ukombozi. Siku hiyo hiyo, mjini Sétif, Waaljeria waliandamana kudai uhuru wao, maana vijana wao walikuwa wamemwaga damu Italia na katika Ufaransa yenyewe. Polisi wakampiga risasi Bouzid Saâl, kijana aliyeshika bendera. Ghasia zikazuka, Wazungu wapatao 100 wakauawa. Ndipo jeshi likalipiza kisasi kwa kuua Waaljeria kwa maelfu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Tarehe 8 Mei, 1954, mazungumzo juu ya Indochina yalifunguliwa Geneva. Wajumbe wa Ufaransa waliketi mezani siku moja tu baada ya ngome yao ya Dien Bien Phu kuanguka.

Je, ni nuksi ya tarehe? La hasha! Mlima hausomi kalenda, wala hauna hatia. Lakini risasi za Sétif zilikuwa na wenyewe, na asemaye "ilikuwa siku mbaya" humsamehe aliyezipiga.

Waaljeria walilifahamu jambo hili. Mji wa Algiers ulitwaliwa na Wafaransa tarehe 5 Julai, 1830. Baada ya miaka 132 wananchi waliichagua wenyewe tarehe 5 Julai, 1962, kuwa siku ya uhuru wao. Hiyo haikuwa bahati.

Basi, ndugu wanachama na wafanya kazi, mtu akituambia kwamba dhiki yetu ni mkosi wa siku, tumwulize: ni kazi ya nani?