Ulinzi mkali si kuvunja watoto miguu

Nyinyi jamaa zilizohama ambazo watoto wenu wanacheza kwenye viwanja vya hapa Goma, leo nasema na makocha wa kartie. Nimechoka na neno "ukali".

Tangu Léopards waanze kushinda kwa bao moja na kufunga mlango, kila mwenye filimbi shingoni anawapigia watoto kelele: "Muingilie! Asipite na mguu!" Jumapili iliyopita, kwenye kiwanja cha mawe meusi, nimeona kijana wa miaka 14 hivi akibebwa na wenzake wanne, mguu unaning'inia. Kocha wa upande wa pili alikuwa anampigia beki wake makofi. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mpira wa siku hizi ni vile, hata Léopards wanacheza vile.

Hapana, papa kocha. Unawasingizia.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 9 Septemba 2025, mjini Kinshasa, tulikuwa mbele ya Senegal mabao 2 kwa 0, Bakambu na Wissa wamefunga. Tukarudi nyuma, tukawaachia mpira, tukapigwa 3 kwa 2. Wengi tulilala bila kula siku ile. Baada ya hapo timu ilibadilika. Togo 1-0, Sudan 1-0, halafu Cameroon 1-0 kule Rabat tarehe 13 Novemba, bao la Mbemba dakika za nyongeza. Mechi tatu bila kufungwa hata bao moja. Siku tatu baadaye Nigeria walitufunga dakika ya 3 tu, lakini vijana hawakukimbilia golini kwao kujificha. Walikwenda kuwasumbua Nigeria katikati ya uwanja, wakawanyang'anya mpira, Bakambu akampa Elia, bao. Tukawatoa kwa penati.

Huo ndio ukali ninaoujua mimi. Mmoja anamwendea mwenye mpira, wa pili anafunga njia ya pasi ya karibu, wa tatu anasimama pale mpira utakapotupwa kwa woga. Mabeki nao wanapanda ili pasibaki nafasi katikati. Mpira unachukuliwa, mtu anabaki mzima. Ni kazi ya mapafu na macho.

Najua kosa linatoka wapi, na sisi wa redio tuna sehemu yetu. Wengi wenu hamkuona mechi hizo, mlizisikia. Na redio inataja jina la mwenye mpira. Haitaji jina la aliyekimbia mita thelathini kufunga njia, maana hakugusa kitu. Kinachosikika ni kelele mtu akianguka. Basi mtoto aliyekaa karibu na redio anaelewa kwamba kukaba ni kuangusha. Sisi tunaotangaza tungeweza kueleza vizuri zaidi.

Halafu kuna wale wenye simu, wanaowaonyesha watoto video za Wan-Bissaka akiteleza chini na kuchomoa mpira. Uzuri wake siukatai. Lakini yeye anateleza kwenye majani laini yaliyomwagiwa maji, na viatu, na daktari amekaa pembeni. Huyu wetu anateleza juu ya mawe ya volkano, na sapatu au miguu mitupu. Paja lake linabaki pale chini.

Makocha wananiambia: "Watoto hawa wanakula mara moja kwa siku, watapata wapi nguvu ya kukimbia hivyo?" Hapo wana haki, na ni swali linaloniuma. Mtoto mwenye njaa hawezi kuwafukuza watu dakika 90. Lakini jibu si kumpa ruhusa ya kupiga. Chezeni dakika 20 kwa 20, watu saba kwa saba, uwanja mdogo. Na msikimbize kila mpira: ngojeni adui apokee akiwa amegeuza mgongo, au mpira umrukie vibaya. Kwenye mawe yetu mpira unaruka vibaya kila mara! Kiwanja chenyewe kinakusaidia kukaba, kama una akili ya kukisoma.

Waamuzi wetu pia wasijifiche. Sheria ya mpira haina kificho: anayecheza bila kujali hatari ya mwenzake anapewa kadi ya njano, anayetumia nguvu kupita kiasi anapewa nyekundu. Haisemi "isipokuwa kwenye kartie". Jumapili ile mwamuzi alitoa faulo, basi, mchezo ukaendelea.

Kuna atakayesema nalia kwa jambo dogo, mashariki yetu ikiwa katika hali hii. Wachezaji haohao, tarehe 7 Februari 2024 kule Côte d'Ivoire, wakati wa wimbo wa taifa walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione yanayotupata. Watu waliotulilia hivyo, jina lao litumike kuvunja mtoto wa mama aliyekimbia vita mara mbili?

Na wale wanaosema bao la Algeria la dakika ya 119, Januari 2026, linaonyesha kwamba ulinzi ni upuuzi, nao wamekosea, ila hao hawajavunja mtu.

Kijana yule amelala chumba kimoja na watu saba, kwa jamaa iliyowapokea. Mama yake ameniambia amekopa pesa ya picha ya mguu, na ya plasta bado anatafuta. Kocha, nyumba unaijua, ni ile nyuma ya bomba la maji. Jumapili mnacheza tena saa tisa. Pita pale kwanza.