Mnataka mshindani wa Kenya Power? Sawa, lakini bili ataandika nani?

Kila stima ikipotea usiku, komenti huwa ni ileile: leteni kampuni nyingine. Wasee wanataka stima iwe kama laini za simu, ukikasirika unahama, halafu kampuni zianze kukubembeleza na ofa. Naelewa. Kenya Power ina wateja zaidi ya milioni 9 na hakuna hata mmoja wetu aliyeichagua. Na kwa karatasi, mlango ushafunguliwa. Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu kampuni zingine kupewa leseni ya kusambaza na kuuza umeme wa rejareja, na EPRA ilishatoa rasimu ya kanuni za soko la wazi ili wananchi watoe maoni.

Mimi niko upande wa ushindani, niliseme hilo mapema kabla mtu hajaniita wakala wa Stima Plaza. Kinachonikera ni kwamba tunamshangilia muuzaji mpya kabla hatujauliza bili yake itaandikwaje, na nani atamshika shati akituzungusha. Na wengi wetu muuzaji wa pili wa stima tunaye tayari. Anaitwa mwenye ploti.

Kama unaishi nyumba ya kupanga unajua mambo ya sabmita. Kenya Power imeweka mita moja kubwa ya ploti nzima, halafu kila mlango una kamita kadogo ka kampuni ya kibinafsi. Tokeni hununui kwa Paybill ya Kenya Power, unatuma kwa namba nyingine kabisa. Kwetu ukituma 500, ujumbe unaorudi una vitu viwili: namba ya tokeni na idadi ya yuniti. Hakuna bei ya yuniti. Hakuna kodi. Hakuna ada ya huduma, na ada iko, kwa sababu ukipiga hesabu kuna pesa imebaki njiani. Niliuliza msimamizi wa ploti akaniambia "hiyo ni sistimu." Sistimu ya nani, bana?

Lakini hiyo ada ndiyo sehemu ndogo ya wizi. Kubwa iko kwa bendi. Bei mpya za EPRA zilipoanza Aprili 2023, mwenye kutumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti, na anayepita yuniti 100 akawekewa 20.97. (Kabla ya hapo bei ya chini ilifika mpaka yuniti 100, kwa hivyo watu wengi walisukumwa juu siku hiyo, na kelele haikuwa nyingi vile ingefaa.) Bendi yako inaamuliwa na wastani wa matumizi ya mita yako kwa miezi mitatu. Mita yako. Sasa fikiria bedsita 20 nyuma ya mita moja, kila moja inatumia yuniti 25 kwa balbu, redio na kuchaji simu. Kwa macho ya Kenya Power huyo ni mteja mmoja mnono anayekula yuniti 500. Anawekwa bendi ya juu.

Piga hesabu. Yuniti 25 kwa 12.22 ni shilingi 305.50. Yuniti hizo hizo kwa 20.97 ni 524.25. Hapo hatujaweka mafuta, hatujaweka VAT, na mwenye sabmita bado hajachukua chake. Yaani ile bei ya afueni iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo inamruka mtu wa bedsita, inaenda kwa mwenye nyumba ya wikendi kijijini ambayo taa huwaka mara mbili kwa mwezi. Hapo kuna muuzaji binafsi katikati, na mpangaji hana njia ya kusoma bili yake. Hicho ndicho ninachokiogopa kikija kikubwa.

Turudi kwa bili rasmi. Juu ya bei ya yuniti kuna gharama ya mafuta, kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kuna ya mfumuko wa bei, kuna ada ya maji ya WRA, ada ya EPRA yenyewe, asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, na VAT ya asilimia 16. Ile ya mafuta na ile ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Ndio maana 500 ya mwezi jana haikupi yuniti za mwezi huu, na unaanza kushuku mita.

Sasa niambie mshindani atapunguza gani kati ya hizo. VAT hawezi. Ada za serikali hawezi. Atanunua umeme kutoka kwa mitambo ileile ya Olkaria na kwingineko, aupitishe kwa nyaya zilezile, na alipie nyaya hizo. Upotevu wa umeme njiani, ambao umekuwa zaidi ya asilimia 20, hautaondoka kwa sababu nembo kwenye tokeni imebadilika rangi. Anabaki na faida yake, huduma yake, na namna ya kuivalisha bei nguo nzuri. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na tayari kuna watu walioishi nayo.

Kule Texas, Marekani, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya ushindani mwaka 1999 na soko likafunguliwa Januari 2002. Mtu wa Houston au Dallas anachagua muuzaji wa stima kwa tovuti, hata serikali ina yake inaitwa Power to Choose. Na usidhani waliachilia tu. Kila ofa lazima iwe na karatasi inayoonyesha wastani wa bei ukitumia yuniti 500, 1,000 na 2,000. Wazo safi kabisa. Wauzaji wakafanya nini? Wakatengeneza ofa zinazong'aa pale pale kwenye 1,000. Tuseme unarudishiwa dola 100 ukifikisha yuniti 1,000. Kwa karatasi bei yako inaonekana ya bure, inapanda juu ya orodha. Ukitumia 990, hurudishiwi chochote. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo ni mwizi tu aliyevaa tai.

Halafu ikaja Februari 2021. Kulikuwa na kampuni inaitwa Griddy iliyokuwa ikitoza karibu dola 10 kwa mwezi, na stima yenyewe unaipata kwa bei ya jumla ya soko, inavyopanda na kushuka. Siku nyingi ilikuwa raha. Baridi kali ikaingia, mitambo na mabomba ya gesi yakaganda, na tume inayosimamia umeme ikaagiza bei ya soko ikae kwenye kilele chake: dola 9,000 kwa megawati-saa. Hiyo ni dola 9 kwa yuniti moja. Kwa shilingi ya wakati huo ni kama elfu moja kwa yuniti. Watu waliamka na bili za maelfu ya dola kwa siku chache, na pesa zilikuwa zinakatwa kwa kadi moja kwa moja. Jirani aliyekuwa na mkataba wa bei isiyobadilika aliganda kwa baridi ileile lakini bei yake haikusonga. Machi, Griddy ikatangaza kufilisika, na mwaka huohuo bunge la Texas likapiga marufuku mikataba ya aina hiyo kwa wateja wa nyumbani. Baada ya watu kuumia.

Uingereza nako, bei ya gesi ilipopaa mwaka 2021, karibu wauzaji 30 walianguka kwa miezi michache. Ofgem, ambayo ni kama EPRA yao, ilihamisha wateja kwa kampuni zilizobaki, na gharama ya kuwahamisha ikaingizwa kwa bili za kila mtu. Wewe mwenye tokeni, jiulize: muuzaji wako akifunga ofisi Jumatatu na ulimlipa Jumapili, pesa yako unaidai kwa nani?

Kwa hivyo mimi nataka kanuni zije kabla ya matangazo. Muuzaji yeyote anionyeshe bei moja ya yuniti ikiwa na kila kitu ndani, kwa matumizi ya 30, ya 50 na ya 100, kwa sababu huko ndiko tunaishi, 2,000 ni ya Texas. Kukiwa na ofa yenye masharti, bei ya asiyetimiza masharti iandikwe kwa herufi zenye ukubwa uleule. Bei ya jumla ya soko isimfikie mteja wa nyumbani hata kwa bahati mbaya. Na muuzaji wa mwisho, yule atakayetuchukua wengine wakianguka, ajulikane kwa jina kabla leseni ya kwanza haijatoka.

Halafu kuna swali ambalo wapenzi wa soko huru hulikwepa. Wauzaji wapya watakimbilia viwanda vya Athi River na nyumba za Kileleshwa. Nani atakimbilia boma lenye balbu mbili huko ndani kabisa, lililounganishwa juzi? Bei ya wa chini leo inabebwa kwa sehemu na wa juu. Wa juu wakihama wote, Kenya Power inabaki na sisi na nguzo zinazooza, na bei yetu inapanda ili kulipia nguzo hizo. Hilo linatatulika, mchango huo ukiwekwa kwenye ada ya nyaya ambayo kila muuzaji analipa. Lakini lazima liandikwe, na liandikwe mapema.

Sheria ya 2019 pia iliunda Mahakama ya Kawi na Petroli ambako unaweza kupinga uamuzi wa EPRA. Na mwaka 2018 tuliona wakili Apollo Mboya akienda kortini kuhusu bili za nyuma ambazo Kenya Power ilitaka kuwabebesha wateja, na kelele ya mtandaoni ikamsindikiza. Inawezekana. Shida ni kwamba ili upinge bili lazima kwanza uwe na bili, na mimi nina ujumbe wa M-Pesa na tarakimu 20.

EPRA wakiita kikao kingine cha maoni nitaenda, na swali langu la kwanza halitakuwa la Kenya Power. Nitauliza kwa nini bedsita 20 zinahesabiwa kama nyumba moja. Kama ploti yenu iko hivyo, weka kwa komenti unalipa ngapi kwa yuniti ngapi, bila jina la mwenye nyumba, nifike na hesabu mkononi.