Afrika si nyika peke yake

Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, lakini hili silali nalo.

Mnajua mwanangu anacheza Planet Zoo, lile gemu la kujenga bustani ya wanyama lililotoka mwaka 2019. Mama, usicheke, na mimi nacheza siku za mapumziko. Mwaka 2021 walitoa nyongeza ya kununua wakaiita Africa Pack. Ndani mna nani? Nguchiro wale wanaosimama wima wa Kalahari, pengwini wa kusini, mbweha wa Sahara, kifaru mweupe na mdudu anayeviringisha mavi. Wote Waafrika, sikatai. Lakini msitu wetu uko wapi? Juzi mtoto kaniuliza, "Mama, kwani Zanzibar kuna wanyama?" Jamani, nilitahayari.

Basi nasema wazi: wao, au yeyote atakayetengeneza gemu kama hili, atuwekee nyongeza ya misitu ya Tanzania.

Wa kwanza kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Kule Jozani anakula majani ya miembe na mikungu yenye kemikali za kumdhuru, kisha anatafuna mkaa aliouokota kwa watu. Sisi wauguzi mkaa tunaujua, aliyekunywa sumu hupewa mkaa maalumu hospitali. Kima kajua bila digrii!

Wa pili popo wa Pemba. Mwisho wa miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa. Wanavijiji wakawalinda, leo wako maelfu.

Wa tatu chura wa Kihansi. Mradi wa umeme ulipochukua maji mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yakakauka. Wakachukuliwa kama 500 hivi, wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao.

Mtaniambia, nani atatoa pesa kununua chura? Mimi nauliza, si gemu lenyewe linampa pointi anayerudisha wanyama porini? Huyu chura kaishi hadithi hiyo kweli, wala hakuna haja ya kubuni. Simba kila mtu anamjua, na mtoto anayejua simba tu atakua akidhani kwetu ni majani makavu na jua.

Na nyinyi huko msijifanye wasafi. Wangapi bado mnasema kima punju ana sumu? Wageni wanalipa ndege kuja kumwona, nanyi daladala la Makunduchi linawapitisha mlangoni hamshuki. Mjomba, Jumapili wapeleke watoto Jozani, unipigie picha. Tukiwalaumu Wazungu kwa kutowajua wanyama wetu, tuwe sisi tunawajua.

Niishie hapa, usingizi umenishika. Mungu akipenda tutaonana.