Usiitupe laptopu, iongezee mfumo wa pili

Nimekuwa kimya kidogo, testi zilipamba moto. Leo tuongee kuhusu laptopu zetu za mtumba, maana huku hosteli naona watu wameanza kuhaha.

Habari yenyewe mnaijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Ukiondoa nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha, marekebisho ya usalama ndo basi tena. Windows 11 nayo inachagua: inataka chipu ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Laptopu zetu nyingi hapa UDOM hazina sifa hizo. Sasa kuna wanaosema bumu likitoka tu wananunua nyingine. Jamani! Bumu ni la kula na kutoa kopi, siyo la kuzika mashine ambayo bado inapumua.

Hoja yangu ni hii: weka Linux, mfano Ubuntu, pembeni ya Windows. Nimesema pembeni, siyo badala yake. Hapo ndipo ninapopishana na jamaa wa kompyuta wanaotuambia tufute Windows yote. Wao sawa, ila sisi wa ualimu tunarudishiwa kazi na wasimamizi kwenye Word, na ukiifungua kwa LibreOffice majedwali yanaweza kuhama. Basi Windows ibaki kwa kazi hizo, bila intaneti. Ukitaka kuingia mtandaoni, washa Linux ambayo bado inapata marekebisho. Kila mmoja na zamu yake, kama wapangaji wa ua mmoja.

Kazi yenyewe siyo uchawi. Ukiwa ndani ya Windows unapunguza eneo lake kwenye diski, unaiachia Ubuntu kama gigabaiti 25 au zaidi, kisha unaiweka kwa kutumia flashi. Ukiwasha mashine inakuja orodha, unachagua unayemtaka.

Ila haraka haraka haina baraka. Kwanza nakili kazi zako zote nje ya mashine. Rafiki yangu mmoja alimpa fundi wa mjini, fundi akachagua kufuta diski nzima, na ripoti ya field ikaenda na maji! Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake. Tatu, zima ule uwashaji wa haraka wa Windows, la sivyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye eneo lake. Nne, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, umeme ukikatika katikati ya kugawa diski utalia. Na ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma masaa matatu, usishtuke. Linux hutunza saa kwa majira ya dunia, sisi tuko masaa matatu mbele. Inarekebishika kwa amri moja.

Kuna wanaosema Linux ni mambo ya wazungu. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la Kibantu, ndugu wa "utu" wetu. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakusubiri kampuni iwaonee huruma.

Na sisi ni walimu watarajiwa. Kesho utapangiwa shule yenye kompyuta kuukuu tano zimefunikwa kitambaa kwa mkuu wa shule, watu wakisema zimekufa. Mwalimu aliyejifunzia kwenye laptopu yake ataweza kuzifufua bila kuomba bajeti. Asiyejua ataendelea kuchora kibodi ubaoni.

Ni hayo tu kwa leo. Anayepinga anitafute kafteria, ila chai ni juu yake. Tuko pamoja!